Gari lililopinduka na chombo kingine cha mfinyanzi



Wahenga walituachia methali isemayo kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tunaitumia sana. Tunamwambia kijana aliyefeli mtihani, mfanyabiashara aliyeunguliwa duka, binti ambaye uchumba wake umevunjika. Mara nyingi tunaitumia kama neno la kupoza machungu, tukasahau kwamba ilizaliwa mahali pa kazi. Mhunzi aliyevunjikiwa koleo ana kazi ya kufanya. Anatazama kilichobaki, anachochea moto, anafua koleo jingine.

Dominika hii naomba tuirudishe methali hiyo kiwandani. Nataka tuzungumze juu ya gari lililopinduka likageuzwa pikapu, na juu ya mtu aliyepinduka nalo. Andiko la kutuongoza ni la nabii Yeremia, sura ya 18, mistari minne ya mwanzo. Bwana anamtuma nabii ashuke nyumbani kwa mfinyanzi, akapate somo lake huko, penye udongo na gurudumu. Yeremia anamkuta mfinyanzi kazini, na chombo anachokifinyanga kinaharibika mkononi mwake. Mfinyanzi hautupi udongo ule. Anaufinyanga tena, na kinachotoka ni chombo kingine, kwa jinsi alivyoona vema yeye mwenyewe. Naomba mlishike hilo neno "kingine". Tutalihitaji mbele ya safari.

MGUU WA PAROKIA

Magari ninayoyasema mnayafahamu. Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani mjini Amsterdam mwaka 1948. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile ambazo Tanzania tunaziita "mkonga" kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele, zilianza mwaka 1984. Zimebeba wauguzi, askari wa wanyamapori, maofisa wa halmashauri, mapadri na masista kwenye njia ambazo kuziita barabara ni kuzipa heshima tu.

Siri yao moja iko katika namna zilivyoundwa. Magari mengi madogo ya siku hizi, bodi na mifupa ni kitu kimoja. Haya yana chesisi, yaani nguzo mbili ndefu za chuma zilizounganishwa kwa vyuma vya kukingama, mfano wa ngazi iliyolazwa chini. Injini, giaboksi na ekseli hubebwa na ngazi hiyo. Bodi huja kukaa juu yake, likafungwa kwa bolti na vipande vya mpira. Ndiyo maana fundi anaweza kulivua gari bodi kama mtu anavyovua koti.

Katika parokia moja ya milimani nilikowahi kutumwa kuwa paroko, mkonga wa namna hiyo ulikuwa mguu wa parokia. Tulikuwa na vigango tisa, na cha mbali zaidi wakati wa masika kilitaka saa tatu za safari. Asubuhi gari lilipeleka Komunyo kwa wagonjwa, jioni likamkimbiza mama mjamzito hospitali, kesho yake likabeba jeneza. Waamini walikuwa wamelinunua kwa michango ya miaka minne: magunia ya mahindi, kahawa, mbuzi na kuku wa mnada baada ya Misa.

Usiku mmoja wa mvua dereva alikuwa akirudi peke yake kutoka kwenye sherehe ya harusi. Kwenye kona ya mteremko, tope likalivuta gari, likaacha njia, likabiringika mara mbili na kutulia juu ya paa, magurudumu yakitazama mawingu. Dereva alitoka kupitia dirishani akiwa amevunjika mtulinga. Tulimshukuru Mungu kwa uhai wake. Lakini hata kabla hapajapambazuka, kila aliyemsogelea alisikia harufu ya pombe.

Halmashauri ya Walei ilikutana siku iliyofuata. Agenda zilikuwa mbili, gari na dereva, na zote mbili zilikuwa na jibu tayari. Gari liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Dereva afukuzwe, na jina lake litangazwe kanisani ili liwe fundisho. Watu walikuwa na uchungu, na uchungu wao ulikuwa wa haki. Mtu aliyetoa kuku wake pekee ana haki ya kuuliza kuku wake ameishia wapi. Ndipo mama mmoja mzee, ambaye kwa kawaida hakusema kitu vikaoni, akanyoosha mkono. "Baba Paroko," akasema, "kabla hatujauza, kuna fundi aliyelitazama?"

Kimya. Hakuna fundi aliyelitazama. Tulikuwa tumelihukumu kwa kuliona paa lake tu. Mama yule aliuliza juu ya gari, lakini sidhani kama kuna mtu ukumbini ambaye hakumfikiria dereva.

ACHENI KULIWASHA

Tulimpata fundi mjini Arusha, mzee wa Kiislamu aliyepita miaka sitini, ambaye maisha yake yote amekata, amerefusha na ameunga magari ya kubeba watalii. Nilipompigia simu kumweleza, neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa amri. "Padri, ng'oeni betri. Mtu yeyote asiguse swichi."

Alikuwa na sababu. Vijana wa parokia walikuwa wameshalisimamisha gari kwa kamba, na mmoja alikuwa na ufunguo mkononi, ana hamu ya kusikia kama injini ni nzima. Gari linapolala juu ya paa, oili iliyokuwa chini ya injini huteremka kule isikotakiwa. Hupenya kando ya pistoni na kupitia njia za hewa, ikajikusanya ndani ya silinda. Hewa unaweza kuishindilia ikajibana, na kazi ya injini ya dizeli ni hiyo. Oili haibaniki. Ukigeuza ufunguo, starta inailazimisha pistoni kupanda, oili inakataa, na chuma kinachoishika pistoni kinapinda. Injini ile ya lita 4.2 yenye silinda sita, iliyopona kubiringika mara mbili mlimani, ingeweza kuharibiwa kwa sekunde moja uani mwa kanisa, na watu waliokuwa na nia njema.

Fundi alipofika alifungua nozeli zote sita, akaachia matundu wazi, kisha akaizungusha injini taratibu kwa mkono, kwa spana. Oili nyeusi ikaruka kutoka kwenye matundu. Akazungusha tena, akasubiri, akazungusha tena. Alimwaga oili yote, akaweka mpya, akakagua radieta na mabomba. Hakulisikiliza hata swali la lini litawaka. Siku ya pili alasiri ndipo aliporudisha betri, na injini ikawaka ikitoa moshi mwingi, halafu ukapungua, halafu ukakoma.

Ndugu zangu, tunao haraka hii katika familia zetu na katika Kanisa. Mjane hajamaliza miezi mitatu, tunamwambia ajikaze, maisha yaendelee. Kijana ametoka gerezani Ijumaa, Jumapili tunataka asimame mbele ya watu atoe ushuhuda. Mume na mke wamefumaniana, wiki ileile wazee wanataka wapeane mikono ili aibu iishe. Kwa nje wanaonekana wamesimama kwa magurudumu yao. Kwa ndani vitu vimehama mahali pake.

Tazameni jinsi Mungu alivyomtendea nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya amekimbilia jangwani, amechoka, ameomba kufa. Malaika hakumletea hotuba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale. Akamwamsha, akamlisha mara ya pili. Safari ya siku arobaini ilikuja baadaye, na utume mpya ulikuja baadaye zaidi. Mungu anajua kusubiri oili irudi mahali pake.

TIMAZI NA CHAKI

Gari lilivutwa hadi gereji, bodi likafunguliwa, chesisi ikabaki wazi. Fundi akaiosha kwa dizeli, akaisugua kwa brashi ya waya tangu mbele hadi nyuma. Nilimuuliza kwa nini anahangaika kusafisha kitu kinachokwenda kukaa chini ya gari. Akanijibu kwamba ufa hujificha kwenye tope.

Baada ya kusafisha akapima. Alishusha timazi kutoka kila tundu muhimu la chesisi hadi kwenye sakafu ya saruji, akaweka alama ya chaki kila ncha ya timazi ilipogusa. Chesisi ilipovutwa kando, sakafuni ilibaki ramani ya gari. Akashika tepu, akapima kwa mshazari, kutoka kona ya kulia mbele hadi kushoto nyuma, kisha upande wa pili. Vipimo viwili vikilingana, au vikipishana milimita chache tu, chesisi imenyooka. Vikipishana sana, gari hilo litatembea upande kama kaa, litakula matairi, na siku moja litaua mtu.

Nguzo mbili kuu zilikuwa zimenyooka. Chuma kimoja cha kukingama kilikuwa kimepasuka, na kingine kimepinda. Paa na mihimili yake havikuwa vya kutengenezeka. Baada ya hapo tuliacha kubishana kwa hasira, tukazungumza kwa vipimo.

Fundi alinionesha pia jambo ambalo sijalisahau. Kwenye nguzo ya chesisi, chini ya kutu na tope, ilikuwepo namba. Haikubandikwa wala kupakwa rangi, imegongwa kwenye chuma chenyewe. "Bodi linaweza kubadilika, Padri, hata injini," alisema. "Hii ndiyo inayosema gari hili ni lipi."

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1272, inafundisha kwamba Ubatizo humtia mkristo alama ya kiroho isiyofutika, alama ya kuwa mali ya Kristo. Dhambi inaweza kuuzuia Ubatizo usizae matunda ya wokovu, lakini haiwezi kuifuta alama ile. Mlevi wa kijiji anayo. Mwizi wa sadaka anayo. Binti aliyefukuzwa nyumbani na wazazi wake anayo. Tukitaka kuiona tunapaswa kuinama, na pengine kuchafuka mikono.

Lakini heshima hiyo haituruhusu kufunika ufa. Mafundi wasio waaminifu wana dawa yao, puti. Unajaza puti mahali palipopasuka, unapiga msasa, unapulizia rangi, na gari linang'aa kuliko jipya. Mnunuzi anagundua mbele ya safari, akiwa na watoto garini. Nasi tuna maungamo ya puti. "Nimekosa kama binadamu wengine, Padri." "Ni shetani tu alinipitia." "Yule mwanamke alinichokoza." Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulitaja mambo matatu yanayodaiwa kwa mtubuji: majuto, maungamo na malipizi. Ni kusafisha, kupima na kutengeneza. Ukiruka la pili, la tatu litakuwa ni rangi juu ya ufa.

Mtume Petro alipimwa hivyo. Mwinjili Yohane anataja moto wa makaa mara mbili tu. Mara ya kwanza ni katika ua wa kuhani mkuu, Petro akiota moto na kumkana Bwana (Yn 18:18). Mara ya pili ni ufukweni mwa ziwa, Yesu mfufuka amewasha makaa na ameweka samaki juu yake (Yn 21:9). Petro anavuta pumzi na harufu ni ileile ya usiku ule. Kisha anaulizwa kama anampenda Bwana, mara tatu, hesabu ileile ya kumkana. Yesu hakumtangaza kwa wenzake, wala hakujifanya hakuna kilichotokea. Alimlisha kwanza, halafu akapitisha mkono palepale palipopasuka.

Dereva wetu naye aliitwa mbele ya kamati ndogo ya watu watano. Nilitegemea maelezo marefu juu ya tope na breki. Alisema neno moja: "Nilikunywa." Akanyamaza, akaangalia sakafu. Kamati ilimwondoa kwenye usukani na ikasitisha mshahara wake wa udereva. Ikaamua pia kwamba, mfupa ukipona, atafanya kazi gerejini bila malipo hadi gari litoke, na kwamba mkewe na watoto wanne watapewa chakula kutoka ghala la parokia kwa muda huo. Jina lake halikutangazwa kanisani. Halikuwa na haja, kila mtu alilijua.

CHOMBO KINGINE

Tulichokitaka sisi kilikuwa ni mkonga wetu wa zamani, wenye viti viwili virefu vya nyuma na paa. Fundi alipotutajia bei ya bodi jingine zima, tulitazamana tukacheka kicheko cha maskini. Ndipo akachukua chaki na kuchora kwenye ukuta wa gereji. Atakata bodi nyuma ya viti vya mbele, mahali ambapo chuma bado kilikuwa kizima. Atafunga mgongo wa kibini kwa bati jipya, na paa la kibini atalipata kwenye gari jingine bovu. Nyuma yake ataunda kitanda cha mizigo. Sehemu iliyokufa itaondoka, sehemu hai itabeba kazi mpya.

Mzee wetu mmoja alisema, "Lakini sisi tulikuwa na gari la watu." Fundi akamjibu kwa upole, "Mzee wangu, gari la watu limebaki mlimani."

Naomba tusimame hapo kidogo, kwa sababu huo ndio moyo wa tafakari hii. Yeremia alimwona mfinyanzi akifinyanga chombo kingine. Udongo ni uleule, mkono ni uleule, umbo ni jipya. Wengi wetu tunapoanguka tunamwomba Mungu aturudishe kama zamani, na asiporudisha tunadhani hajatusamehe. Ndoa iliyopasuka kwa uongo haiwezi kuwa tena ile ya mwaka wa kwanza, ya kutojua. Inaweza kuwa ndoa nyingine ya watu walewale wawili, ambao sasa wanasemezana ukweli. Aliyepoteza mguu, kazi au jina zuri, sehemu fulani ya maisha yake imebaki mlimani. Mungu anafanya kazi na kilichobaki.

Nilitazama kazi yenyewe kila nilipopita mjini. Vyuma viwili vya kukingama vilibadilishwa. Bati la kibini lilichomelewa kidogo kidogo, doa hapa, doa kule, kwa sababu bati jembamba likipata joto jingi mahali pamoja hujikunja na halirudi. Wazazi na walezi, lichukueni hilo. Onyo ni moto wa lazima, lakini ukiuelekeza mahali pamoja mfululizo, unapindisha ulichotaka kukiunga.

Kitanda cha mizigo kiliundwa kwa vyuma vya pembe na sakafu ya bati nene lenye vinundu. Nilidhani kitachomelewa moja kwa moja juu ya chesisi. Fundi akakataa. Chesisi ya gari la njia mbovu lazima ijinyonge kidogo gurudumu moja linapopanda jiwe na jingine kushuka shimoni. Ukiifungia mzigo bila kuiachia nafasi ya kucheza, itapasuka pale ulipochomelea. Akafunga kitanda kwa bolti na mpira. Mtu anayeanza upya naye anahitaji kazi na wajibu, tena wajibu wenye nafasi kidogo ya kupumua.

Na yule aliyekuwa dereva? Wiki saba baada ya ajali alifika gerejini na brashi ya waya. Alisugua kutu kwenye chesisi aliyoipindua mwenyewe. Fundi hakumhubiria. Alimwita "mwanangu", akamfundisha kushika grenda, wakala ugali pamoja mchana. Yule mzee aliniambia baadaye kwamba katika wiki ya kwanza kijana alitetemeka mikono, na yeye alijua si kwa sababu ya baridi.

FUNGUO

Sasa niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Kusamehe hakumaanishi kila mara kurudisha funguo zilezile.

Pikapu ilipokamilika haikuruka moja kwa moja kwenda milimani. Ilikaguliwa, na kadi ya gari ikarekebishwa, kwa sababu umbo lililobadilishwa lazima liandikwe. Tangu siku hiyo sheria yake ni moja: nyuma hakupandi mtu, ni mizigo tu. Kuna waliolalamika, hasa siku za kipaimara na mazishi. Lakini kulitaka gari la mizigo libebe watu kwa sababu zamani lilibeba watu ni kulisukuma kwenye ajali ya pili.

Yule ndugu naye hakurudishiwa usukani, na mwenyewe hakuuomba. Alipewa ghala la parokia. Yeye ndiye aliyeandika kinachopakiwa na kinachoshushwa, aliyekagua oili, maji na matairi kila asubuhi kabla ya dereva mpya kugusa swichi. Nilipohamishwa alikuwa bado ghalani, miaka mitatu bila pombe. Sisemi kwamba vita yake imekwisha. Nasema alikuwa na kazi, na watoto wake walikuwa shuleni.

Wakristo tunapotea pande mbili. Upande mmoja tunasema amesamehewa, basi arudi palepale. Mtunza hazina aliyekula fedha za kwaya anarudishiwa sanduku kwa sababu amelia mbele za watu. Mbaya zaidi, mtu aliyemdhuru mtoto anaungama, kisha anarudishwa kwenye watoto. Huo ni uzembe uliovaa kanzu ya huruma, na watoto ndio wanaoulipia. Mtu wa namna hiyo anaweza kusamehewa na Mungu, lazima awajibike mbele ya sheria, na kwenye watoto asirudi kamwe. Chesisi iliyopasuka mahali fulani haibebi abiria.

Upande wa pili tunasema ameanguka, basi amekwisha. Hata Mtume Paulo aliwahi kuwa mgumu hivyo. Yohane Marko aliwaacha njiani huko Pamfilia (Mdo 13:13), na Barnaba alipotaka kumchukua tena, Paulo alikataa kabisa, hadi wakatengana (Mdo 15:37-39). Barnaba akamchukua Marko, wakapanda merikebu kwenda Kipro. Hatuambiwi walizungumza nini njiani. Lakini katika Waraka wa Pili kwa Timoteo (4:11), Paulo anaomba Marko aletwe, akimtaja kuwa anamfaa kwa huduma. Na mapokeo ya Kanisa yanamtambua kuwa ndiye aliyetuandikia Injili. Kama Barnaba angekubaliana na kikao, tungekuwa na Injili ngapi?

KUKAZA NATI

Siku ya kukabidhi gari fundi alitupa sharti la mwisho. Kilomita mia tano za kwanza tubebe mzigo mwepesi, kisha turudi akaze nati zote upya. Kazi mpya hulegea, alisema, hata iwe nzuri namna gani, kwa sababu vyuma bado havijazoeana. Tulirudi. Nati kadhaa zilikuwa zimelegea, akazikaza, hakudai senti.

Wengi wanaorudi kwa Bwana hatuwapotezi siku ya kutubu. Tunawapoteza mwezi wa pili. Tulishangilia waliporudi, hatukurudi kuwakaza. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na paroko peke yake. Ni kazi ya jumuiya ndogo ndogo, ya wasimamizi wa ndoa na wa ubatizo, ya jirani anayebisha hodi Jumanne jioni bila ajenda. Anauliza tu habari za kazi, anaona kama macho ni mekundu, anakaa kidogo.

Juma hili naomba kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja aliyepinduka: katika ukoo, katika jumuiya, kazini. Usianze na ushauri. Jiulize kwanza kama kuna mtu aliyewahi kumtazama kwa karibu, au wote mmelitazama paa. Usimlazimishe awake leo. Akiwa tayari kusema ukweli, mpe nafasi ya kuusema bila kumfunika kwa puti. Kisha fikirini pamoja ni kazi gani anaweza kuibeba sasa, hata kama si ile ya zamani. Na kama aliyepinduka ni wewe, nenda kwenye Kitubio kabla Dominika ijayo haijafika. Mwambie padri jambo lenyewe kwa jina lake. Usiogope kupimwa.

Pikapu ile, kwa taarifa nilizonazo, bado inafanya kazi. Mara ya mwisho nilipopita parokiani niliikuta ikishusha mifuko kumi na mitano ya saruji kwenye kigango cha mbali, ambako kwa miaka mingi waamini walisali chini ya mti kwa kukosa gari la kupandisha vifaa. Kuta za kanisa lao zilikuwa zimefika usawa wa madirisha.

Ee Mungu, Mfinyanzi wetu, utupe moyo wa kukaa mkononi mwako unapotufinyanga upya, na utupe uvumilivu kwa ndugu zetu ambao kazi yako kwao haijakamilika. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakieni Dominika njema.